Visa na mikasa darasani: riwaya za watoto zinavyoamsha ari ya kujifunza

Riwaya ya visa na mikasa ni hadithi ndefu ambamo mhusika mkuu, mara nyingi mtoto au kijana, anaondoka mahali alipopazoea, anakabiliwa na hatari au fumbo, na analazimika kutumia akili yake mpaka atoke salama. Huenda anatafuta hazina, ndugu aliyepotea au njia ya kurudi nyumbani. Vyovyote iwavyo, kila sura humwacha msomaji na swali ambalo jibu lake liko mbele, na swali hilo ndilo linaloifanya riwaya ya aina hii ifae sana kufundishia katika shule ya msingi. Mtoto anayetaka kujua kama mhusika atavuka mto, hujikuta anataka pia kujua mto huo unatoka wapi, una kina gani na mamba hupenda kukaa sehemu zipi. Mwalimu aliyejiandaa huipokea hamu hiyo kabla haijapoa, akaielekeza kwenye jiografia, sayansi, hisabati na lugha.

Katika viunga vya Dar es Salaam, kama Kinyerezi wilayani Ilala, malighafi ya kazi hiyo haiko mbali. Vilima vya Pugu viko jirani, Mto Msimbazi unateremka kutoka huko kuelekea baharini, na mitambo ya umeme ya Kinyerezi inaendeshwa kwa gesi iliyosafiri kutoka kusini kabisa mwa nchi. Kinachotakiwa ni kitabu kizuri, na utaratibu wa kukisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Chimbuko la visa hivi katika Kiswahili

Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki hawakungoja vitabu vilivyochapishwa ili waonje visa vya namna hii. Masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na nchi za Mto Tana, yana kila kitu: mtu mwenye nguvu za ajabu, mtawala mwenye husuda, gereza, na mama anayemfichia mwanawe tupa ndani ya mkate ili akate minyororo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyaweka masimulizi hayo katika utenzi mwaka 1913. Sindbadi Baharia naye alifahamika katika Bahari ya Hindi karne nyingi kabla visa vya Alfu Lela Ulela havijatolewa kwa Kiswahili cha shule.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza, shule zilipohitaji vitabu vya kusomea, waliovitayarisha walikimbilia visa na mikasa. Mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard. Safari za Gulliver ikafuata mwaka 1932. Jina la Frederick Johnson limo katika kazi kadhaa za wakati huo. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo baada ya mabadiliko mengi ndiyo leo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza kusoma kwa kufuata meli, ramani na maharamia.

Shaaban Robert aliupeleka mkondo huo kwa waandishi wenyewe wa Kiswahili. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ina safari za baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili wenye wivu waliogeuzwa manyani. Maadili yamo tele, lakini msomaji mdogo huyafikia akiwa tayari amenaswa na kisa.

Baada ya uhuru, vitabu vya watoto vilikuwa haba kwa muda mrefu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanzishwa mwaka 1991 ulisaidia kubadili hali hiyo kwa kuwaunga mkono waandishi, wachoraji na wachapishaji, na kuvifikisha vitabu shuleni. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha kampuni ya Mkuki na Nyota. Nchini Kenya, Ken Walibora aliandika Ndoto ya Amerika mwaka 2001, na riwaya hiyo ikawafikia wanafunzi wengi. Hapa Tanzania, Edwin Semzaba, anayejulikana zaidi kwa tamthilia ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, aliwaandikia watoto Marimba ya Majaliwa, iliyochapishwa na E&D Vision mwaka 2008. Safari za Majaliwa zinampitisha msomaji sehemu mbalimbali za nchi, kiasi kwamba anayeifuata riwaya hiyo kwa makini anakuwa amesoma pia jiografia ya Tanzania.

Njia hiyo imewahi kutumiwa kwa makusudi kwingineko. Mwaka 1902, chama cha walimu nchini Sweden kilimwomba Selma Lagerlöf aandike kitabu cha kuwafundisha watoto jiografia ya nchi yao. Hakuandika orodha ya mito na miji. Alimtunga Nils Holgersson, mvulana mtukutu anayegeuzwa kuwa mdogo mno, akasafiri angani mgongoni mwa bata bukini na kuiona nchi nzima kutoka juu. Juzuu mbili za kisa hicho zilitoka mwaka 1906 na 1907, zikasomwa shuleni kwa miongo mingi. Mwandishi wake alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1909, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Kwa nini kisa huamsha ari

Sababu ya kwanza ni kwamba kisa humpa mtoto haja ya kujua. Somo la pepo za kaskazi na kusi linaweza kukaririwa leo na kusahaulika wiki ijayo. Lakini ikiwa jahazi la mhusika limekwama Zanzibar, na maji ya kunywa yanakwisha, darasa zima litataka kujua upepo utageuka lini. Hapo maelezo ya kwamba kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka, yanakuwa habari ya kuokoa maisha ya mtu wanayemjua.

Sababu ya pili ni msamiati. Kitabu cha kiada kina vifungu vifupi vya habari, kila kimoja na mada yake, hivyo neno jipya hutokea mara moja au mbili kisha likatoweka. Riwaya hukaa mahali pamoja kwa sura nyingi. Msomaji wa kisa cha baharini hukutana na omo, tezi, tanga, foromali na nanga tena na tena, kila mara katika tukio jipya, mpaka maneno hayo yanakuwa yake bila kuyakariri.

Sababu ya tatu ni ustahimilivu wa kusoma. Tathmini iitwayo Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani, ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Hatua hiyo humwezesha mtoto kuunganisha silabi na kupata neno. Kutoka hapo hadi kusoma ukurasa mzima na kuuelewa kuna masafa, na masafa hayo hayavukwi kwa mazoezi ya silabi peke yake. Mtoto anahitaji kusoma sana, na atasoma sana ikiwa anachokisoma kinamvuta.

Ya nne ni kufikiri kwa mpangilio. Katika visa na mikasa, kosa la sura ya pili huleta balaa la sura ya tano. Msomaji hujifunza kuunganisha sababu na matokeo, kubashiri, na kurekebisha ubashiri wake anapopata habari mpya. Mwanasayansi hufanya vivyo hivyo anapojaribu jambo na kuangalia kilichotokea.

Kipindi kinavyoendeshwa

Nakala moja inatosha kuanzia. Katika madarasa yenye wanafunzi wengi kuliko kiwango cha 45 kwa mwalimu mmoja, kusoma kwa sauti ndiyo njia ya uhakika. Mwalimu hutenga dakika 15 za kipindi cha dakika 40, akasoma sura au nusu ya sura kwa sauti inayobadilika kufuatana na wahusika. Kabla ya kuanza huandika ubaoni maneno matatu yatakayojitokeza, akawauliza wanafunzi wanadhani yanahusu nini. Kisha anasoma, na anapofika mahali pa hatari hukata utamu: mhusika ameshika kamba, kamba inaanza kukatika, kitabu kinafungwa. Dakika zinazobaki ni za kazi.

Kazi hizo hugawanywa kwa makundi, na kila kundi lina jukumu linaloendelea muhula mzima. Wapo wachora ramani, ambao huongeza kila mahali papya kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, au kwenye kiroba kilichopasuliwa kikatandazwa ikiwa manila hakuna. Wapo waandishi wa kumbukumbu, wanaoandika sentensi tano za yaliyotokea siku hiyo. Wapo wakusanya maneno, wanaotunza daftari la msamiati la darasa. Na wapo watunza akiba, ambao kazi yao ni hesabu.

Kundi hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme kisa kina wasafiri watano, na kila mmoja hula nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa siku moja wanatumia kilo mbili na nusu, hivyo mfuko wa kilo 25 utawafikisha siku ya kumi. Ikiwa kila mmoja anahitaji lita tatu za maji, wanatumia lita 15 kwa siku, na dumu la lita 20 halimalizi siku mbili. Sasa mwandishi wa riwaya anasema mmoja wao ameteguka mguu na wamelala mahali pamoja siku tatu. Watunza akiba wanapiga hesabu upya na kulitangazia darasa kama chakula kitatosha. Kuzidisha, kugawanya na sehemu vyote vimefanyiwa kazi, na wanafunzi wanabishana kuhusu jibu kwa sababu jibu lina uzito.

Ramani nayo ina historia nzuri ya kusimuliwa. Kisiwa chenye Hazina ilizaliwa kwenye ramani. Mwaka 1881, huko Scotland, Stevenson na mtoto wake wa kambo walikuwa wakichora kisiwa cha kubuni, na mwandishi akaanza kuona watu wakitembea humo. Darasa linaweza kuanza vivyo hivyo: kila mwanafunzi achore njia ya kutoka kwao hadi shuleni, aweke alama za duka, kisima, msikiti, kanisa na kituo cha daladala, aonyeshe kaskazini, na atengeneze ufunguo wa ramani. Akishamaliza, aweke fumbo mahali pamoja kwenye ramani hiyo. Kisa kimeshaanza.

Kinyerezi kama uwanja wa kisa

Riwaya inapokwisha, hatua kubwa kuliko zote ni wanafunzi kutunga yao. Kwa watoto wa Kinyerezi, mada mojawapo iko mlangoni. Bomba la gesi lililozinduliwa mwaka 2015 lina urefu wa takriban kilomita 540, kutoka Madimba mkoani Mtwara, kupitia Somanga wilayani Kilwa ambako gesi ya kisiwa cha Songo Songo huungana nayo, hadi Kinyerezi. Hapo gesi huzungusha mitambo. Kinyerezi I ilijengwa kwa uwezo wa megawati 150, na Kinyerezi II takriban megawati 240. Darasa likijiuliza nini kingetokea kama watoto watano wangefuata njia ya gesi hiyo kwa miguu kutoka kusini hadi nyumbani, lina mfupa wa riwaya nzima.

Nyama inapatikana njiani. Mkoani Lindi kuna Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Kazi nzito ilifanywa na mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ya mifupa ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mbele kidogo kuna Kilwa Kisiwani, mji uliotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kisha unakuja Mto Rufiji, wenye viboko na mamba, na delta yake yenye mikoko. Kila kituo ni sura, na kila sura ina somo lake: visukuku, biashara ya dhahabu na pembe, ikolojia ya mto, na mwishowe namna gesi inavyogeuka kuwa umeme.

Hesabu pia inangoja. Wakitembea kilomita 20 kwa siku, wasafiri hao watahitaji siku 27. Kwa kiwango kilekile cha unga watatumia kilo 67 na nusu. Nani atabeba? Wapi watanunua? Wanafunzi wanapolitatua hilo, wanakuwa wametunga na wamejifunza kwa pamoja.

Kwa darasa dogo, kisa kifupi zaidi kinatosha. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita viungani na katikati ya jiji, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Tone la maji linaweza kuwa mhusika anayesimulia aliyoyaona: msitu, mashamba ya mchicha, taka, mafuriko, kisha chumvi. Pugu ina pia msitu wa hifadhi, mapango yenye popo yaliyotokana na uchimbaji wa kaolini, na shule ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya chama cha TANU.

Hapa tahadhari ni lazima isemwe waziwazi darasani. Mhusika wa kitabuni anaweza kuingia pangoni peke yake au kuvuka mto uliofurika. Mtoto wa kweli hafanyi hivyo. Msimbazi unapojaa huua. Kuzuru mahali popote kufanyike na walimu, kwa idhini ya wazazi, na sehemu zenye hatari zisomwe kwenye picha na ramani tu.

Kuchagua kitabu

Riwaya nzuri kwa kazi hii huingia kwenye kisa mapema. Ikiwa kurasa kumi zimepita na hakuna kilichotokea, darasa la nne litakuwa limeshapotea. Sura ziwe fupi, na mhusika mkuu aamue mambo mwenyewe badala ya kuokolewa na watu wazima kila mara. Mafunzo yatokane na matendo. Kitabu kinachosimamisha kisa ili kuhubiri hupoteza wasomaji wake.

Wasichana wawe na nafasi ya kuongoza. Visa vingi vya zamani viliwaacha nyumbani wakingoja habari, na mtoto wa kike anayesoma hivyo tu anaambiwa kwamba kugundua ni kazi ya wengine. Vivyo hivyo, tafsiri za enzi za ukoloni zisomwe kwa macho mawili. Mashimo ya Mfalme Sulemani inavutia, lakini Waafrika wamo kama wabeba mizigo, wapiganaji na watu wa kustaajabiwa, na utajiri wa nchi yao unaonekana kuwa halali kwa mgeni anayeufikia. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuulizwa kisa hicho kingekuwaje kama kingesimuliwa na mwenyeji. Zoezi hilo peke yake lina thamani ya wiki nzima ya masomo.

Lugha nayo ina uzito wake. Katika viunga kama Kinyerezi, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili zinapakana na shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa shule yoyote kati ya hizo anahitaji visa vya Kiswahili, kwa sababu lugha anayoiota na kuichezea ndiyo inayompa wepesi wa kubuni. Kiingereza hujengwa vizuri zaidi juu ya msingi huo.

Vikwazo na namna ya kuvivuka

Kikwazo kinachotajwa kwanza ni mtihani. Walimu wana azimio la kazi la kukamilisha, na upimaji wa darasa la nne hauahirishwi. Lakini ufahamu, msamiati na utungaji ni sehemu ya mitihani hiyo, na vyote hulelewa na usomaji mrefu kuliko mazoezi ya kukariri majibu. Riwaya ikiingizwa ndani ya azimio la kazi tangu mwanzo wa muhula, kila sura ikiwa imeunganishwa na mada husika, haitahitaji vipindi vya ziada.

Kikwazo cha pili ni upatikanaji wa vitabu. Fedha za shule huelekea kwenye vitabu vya kiada, na vya ziada hungoja. Kamati ya shule inaweza kuanza na sanduku moja la vitabu linalozunguka darasa hadi darasa, likiwa na daftari la kuazima na mwanafunzi mlezi wa kulitunza. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 katika barabara inayoitwa leo Bibi Titi Mohamed, ina sehemu ya watoto, na safari ya darasa kwenda huko yenyewe ni kisa. Uandishi mpya pia unatiwa moyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na hadithi za watoto zikaongezwa baadaye miongoni mwa nyanja zake.

Kikwazo cha tatu ni nyumbani, ambako kitabu mara nyingi huonekana kuwa kitu cha mtihani. Mzazi hahitaji kuwa msomi ili kusaidia. Amwambie mtoto amsimulie sura ya leo wakati chakula kikipikwa, na amuulize anadhani nini kitafuata. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuwa msikilizaji bora kuliko wote, kwa kuwa yeye ana visa vyake vya kulinganisha.

Mafanikio ya kazi hii hupimwa kwa mambo yanayoonekana: wanafunzi wanaosoma ukurasa bila kukwama, tungo zinazorefuka, maswali yanayoulizwa bila kuitwa, na daftari la kuazima linalojaa majina. Mwalimu akiziona dalili hizo, kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtoto anayerudisha kitabu alichokimaliza anaondoka na kingine siku hiyohiyo.